Kidonda Kilichopigwa Msasa

Saa moja asubuhi karakana ilikuwa imeshafunguliwa. Seremala alikuwa anapiga randa, maranda yakianguka miguuni pake. Dada yake alikaa nyuma ya cherehani akishona vitambaa vya makochi. Mke wa seremala alisimama mbele ya meza ndefu akisugua mlango wa kabati. Karakana nzima ilikuwa ya hao watatu. Mmoja alichonga, mmoja alishona, mmoja aling'arisha.

Huyo aliyeng'arisha aliitwa Bi. Msasa. Jina hilo alipewa na mafundi aliowafunza. Mwanafunzi akifika kwake na kuuliza vanishi inapakwa vipi, alijibiwa neno moja tu: "Msasa." Akirudi baada ya saa mbili na ubao wake, Bi. Msasa alipitisha kiganja juu yake na kusema, "Bado. Msasa." Wapo waliolia. Wapo waliokimbia. Waliobaki walitoka pale mafundi kweli kweli.

Lakini asubuhi hiyo Bi. Msasa alikuwa anasugua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

Wiki nne zilizopita, patasi iliteleza ikamkata kwenye tumbo la kidole gumba, ile nyama nene ya kiganja. Jeraha lilikuwa dogo, urefu wa njiti ya kiberiti. "Siku saba, limepona," alisema siku ile, akarudi kazini. Sasa ilikuwa wiki ya tano. Jeraha halikufunga. Lilikuwa limepanuka, likawa pana kama ukucha wa gumba. Kingo zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, na ukizigusa zina moto.

Na zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu afanye mtihani.

Mtihani huo ulikuwa wa kupata cheti cha ufundi, na ulifanyika mara moja kwa mwaka. Bi. Msasa alikuwa na miaka ishirini katika kazi hii, lakini hakuwa na cheti. Wanafunzi wake watatu walikuwa nacho. Mmoja wao alipata usimamizi katika karakana kubwa. Siku moja alimwambia mwalimu wake mbele ya watu, "Mwalimu, kazi za shule na ofisi anapewa mwenye cheti. Wewe ukitaka, pitia kwangu."

Pitia kwangu. Maneno hayo mawili yalimkaa Bi. Msasa kooni kama mfupa. Mchana ule ule alikwenda chuo cha ufundi akajiandikisha.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili, na wote ni wa vitendo. Unapewa ubao mkavu, unauandaa, unaupaka vanishi kwa donge la kitambaa, unazungusha, unazungusha tena, tabaka juu ya tabaka. Uzito wote wa kuzungusha hukaa pale pale, kwenye tumbo la kidole gumba. Asiyeweza kukandamiza hapo, hana la kufanya katika mtihani ule.

Ndiyo maana Bi. Msasa alikitibu kidonda chake kwa bidii. Alikitibu kila siku, bila kukosa.

*

Saa nne walipopumzika, alijibanza nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Alifungua kitambaa. Kando yake aliweka bakuli la maji ya moto, chupa ya spiriti ya kuchanganyia vanishi, na kipande kidogo cha karatasi ya msasa. Alikuwa ameanza kusugua, meno ameyauma, wifi yake alipotokea.

"Wifi, hicho ni nini?"

"Msasa. Ule laini wa mwisho. Nimeuchemsha, usiogope."

"Unapiga msasa kidonda?"

"Nakisafisha. Si unaona ndani kimeota vijipele vyekundu? Ni kama ubao ukilowa maji, nyuzi zake zinasimama. Usipoziondoa, juu hapakai sawa. Na pembeni kinaota kigaga kila siku. Nacho nakibandua."

"Na hiyo damu?"

"Kidogo tu. Nikimaliza napaka spiriti, inakata."

Wifi alifumba jicho moja, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. "Wifi yangu, ungekuwa kiti, ningekununua. Ila wewe ni mtu. Nakwenda kumwita Bwana Bendeji."

"Usimwite. Ana zamu ya mchana, anapumzika."

"Nimwite nani basi, fundi rangi?"

Bi. Msasa alifungua mdomo amjibu, lakini wifi alikuwa ameshatoka nje ya lango.

Bwana Bendeji alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa. Miaka kumi na miwili alikuwa katika chumba cha kusafishia vidonda, na nyumba yake ilitenganishwa na karakana kwa ukuta mmoja tu. Alifika na ndala miguuni na taulo shingoni. Seremala naye aliweka randa chini, akasogea. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Muuguzi alinawa mikono kwa sabuni kwanza. Kisha akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Alinusa. Alibonyeza pembeni taratibu.

"Unapata homa?"

"Sipati."

"Kwapani pamevimba? Pana uchungu?"

"Hapana."

"Sukari yako umewahi kupima?"

"Sijawahi."

"Sindano ya pepopunda je?"

"Nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho. Sasa hivi yuko sekondari."

"Basi ni zamani." Aliokota kile kipande cha msasa kwa vidole viwili, akakiinua. "Na hii ndiyo dawa yenyewe?"

Wifi alicheka. Bi. Msasa hakucheka. "Jirani, mimi sina muda wa kuchekwa. Nina siku ishirini na tatu. Kama nakosea, niambie ninakosea wapi."

Muuguzi aliona kwamba mama huyu hataki kubembelezwa. Alivuta kigoda, akakaa.

"Haya. Ubao ukikwaruzwa, nani anautengeneza?"

"Mimi."

"Usipoutengeneza?"

"Utabaki hivyo hivyo mpaka uoze."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ubao."

"Kwa sababu umekufa," alisema muuguzi. "Ubao hauwezi kujifanyia kitu. Ndiyo maana unaufanyia wewe kila kitu. Mkono huu uko hai, jirani. Una mafundi wake wa ndani. Na wewe kila siku saa nne unaingia kwenye karakana yao, unavunja kazi yao."

Bi. Msasa alitazama kiganja chake. "Mafundi gani?"

"Mwili wako umejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Huzioni kwa macho. Zinaitwa seli. Nyingine ni za ngozi, nyingine za misuli. Na ziko nyingine zinazokaa ndani ya damu, zinazunguka usiku na mchana zikilinda. Hizo ni seli za kinga. Siku patasi ilipokukata, kwanza damu iliganda, ikaziba. Halafu pale penye jeraha pakapigwa mbiu. Mishipa midogo ya damu ikapanuka ili seli za kinga zipite haraka. Damu ikawa nyingi mahali pamoja. Sasa niambie, damu ikijaa mahali, utaona nini?"

"Wekundu," alisema wifi.

"Na joto," alisema Bi. Msasa.

"Na majimaji yakivuja kutoka kwenye mishipa, yakakaa kwenye nyama?"

"Uvimbe," seremala alisema. Wote wakamgeukia, kwa kuwa lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Umeona. Wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Watu wanadhani hayo ndiyo ugonjwa. Siku za mwanzo hayo ni kelele za kazi. Ukipita hapa nje ukasikia msumeno na nyundo, unasema karakana inaumwa?"

"Hapana. Nasema leo wana kazi."

"Basi ndivyo hivyo. Seli za kwanza kufika ni askari wa haraka. Hufika saa hiyo hiyo. Humeza vijidudu, humwaga dawa kali ya kuviua. Maisha yao ni mafupi, hufa hapo hapo kazini. Usaha unaouona kwenye kidonda kibaya, sehemu kubwa ni mizoga yao na ya vijidudu."

"Maskini," alisema wifi.

"Baada ya siku moja mbili, wanafuata walaji wakubwa. Hizi ni seli kubwa zaidi, na zina tumbo kweli. Zinakula vijidudu vilivyobaki, zinakula nyama iliyokufa, zinakula hata wale askari waliokufa. Zinasafisha uwanja wote."

"Wifi, umepata ndugu," Bi. Msasa alimwambia mshonaji. "Wanakula kila kilichobaki."

"Nacheka kwa adabu tu," wifi alijibu. "Endelea, Bwana Bendeji."

"Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye siri. Walaji wakubwa wakishasafisha, wanabadilika. Wanaacha vita. Wanaanza kutoa ishara za kuwaita wajenzi. Wajenzi wanakuja, wanasuka nyuzi ngumu za kushika jeraha. Mishipa mipya ya damu inaota kuwalisha wajenzi hao. Ukitazama kidonda wakati huo, utaona nyama nyekundu, yenye vijipele vijipele, kama imemwagiwa mtama mwekundu."

Bi. Msasa aliinua kichwa polepole.

"Vijipele vyekundu," alisema.

"Ndiyo."

"Vile ninavyovisugua."

"Ndivyo hivyo. Ile ilikuwa nyama mpya. Kule ndiko kupona kwenyewe."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia. Bi. Msasa alikaa akitazama msasa ule mdogo uliokuwa kwenye vidole vya muuguzi. Mwezi mzima alikuwa ameamka na nia ya kupona, na mwezi mzima alikuwa ameusugua uponaji wake kwa mkono wake mwenyewe.

"Kila ukisugua ni jeraha jipya," muuguzi aliendelea kwa sauti ya chini. "Mbiu inapigwa upya. Askari wanarudi. Wajenzi wanafukuzwa kabla hawajamaliza safu moja. Na spiriti nayo haichagui. Inaua vijidudu, inaua askari, inaua wajenzi, wote."

"Kwa hiyo uvimbe ni mzuri au mbaya?" seremala aliuliza.

"Swali la fundi hilo. Siku za mwanzo ni mzuri. Ukifika wiki ya tano, ni mbaya. Ile dawa kali ya askari inaunguza hata nyama nzima iliyo karibu. Wakikaa siku chache, wanaokoa nyumba. Wakikaa mwezi, wanaanza kuibomoa nyumba waliyokuja kuilinda."

"Basi nikamnunulie vidonge dukani vya kukata uvimbe," alisema wifi. "Vipo vidogo vyeupe, jirani yangu alimeza, siku mbili tu uvimbe ukaisha."

"Usithubutu. Baadhi ya vidonge hivyo vinazifunga mikono seli zote za kinga, hata walaji wakubwa wanaoita wajenzi. Uvimbe utashuka na kupona kutasimama. Dawa za namna hiyo anatoa mganga wa zahanati akijua kwa nini."

Bi. Msasa alisimama. Alimwaga maji ya bakuli mferejini. Alichukua chupa ya spiriti akampa wifi yake.

"Hii iweke kabatini kwako. Funga. Nikiiomba, usinipe, hata nikikutukana." Kisha akamgeukia muuguzi. "Siku ishirini na tatu zinatosha?"

"Siwezi kukuahidi. Kama sukari yako ni sawa, kama ndani hamna kitu kilichobaki, na kama hutakigusa, nadhani zinaweza kutosha. Ila utakuwa na kazi ngumu kuliko zote ulizowahi kufanya."

"Kazi gani?"

"Kukaa bila kufanya kitu."

Bi. Msasa alifikiri. "Hiyo sijawahi kufundishwa," alisema. "Nifundishe."

*

Mchana ule alikwenda zahanati. Walimpima sukari, ilikuwa sawa. Mganga alikikagua kidonda, hakukuta kibanzi wala kutu ndani. Alimwandikia sindano ya pepopunda, akachomwa. Bwana Bendeji alikiosha kidonda kwa maji safi ya chumvi, akaweka shashi yenye vaselini, akafunga bendeji. Hakutumia spiriti wala poda.

"Si kitakuwa kimelowa?" aliuliza Bi. Msasa. Yeye alizoea kukausha kila kitu kabla ya kupaka.

"Unyevu kidogo unatakiwa. Seli za ngozi zinatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Mahali pakavu hazipiti vizuri. Ila unyevu safi, si maji ya kuoshea sufuria."

Kabla ya kufunga, alichukua kalamu akachora mstari kuzunguka wekundu wote.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Ni wa kukusaidia wewe. Wekundu ukivuka mstari, njoo siku hiyo hiyo. Ukiona michirizi myekundu inapanda mkononi, njoo. Homa, njoo. Usaha mzito unaonuka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kwapa kuvimba, njoo. Usingoje siku ya kubadilisha bendeji. Lakini kama hayo hayapo, kaa mbali na mkono wako. Kila baada ya siku mbili nitaibadilisha bendeji mimi. Kula vizuri, maharage, mayai, samaki, matunda, mboga. Wajenzi hawajengi kwa hewa. Na lala."

"Kulala nako ni dawa?"

"Mwili unaolala vizuri hupona vizuri."

Siku tano za kwanza zilikuwa ndefu. Bi. Msasa alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni msasa ulikwenda upande, na vanishi ilitiririka kama makamasi.

"Tabaka hili ungepewa na mwanafunzi, ungemwambia nini?" wifi alimchokoza.

"Ningemwambia bado. Msasa." Naye akalifuta tabaka lote, akaanza tena.

Jioni alirudia zoezi hilo hilo nyumbani kwa kutumia ubao wa kukatia vitunguu. Mumewe alimtazama. Kesho yake alimletea ubao mpana zaidi, ameuchonga vizuri.

Siku ya sita, walipokuwa wanainua kabati kwenye mkokoteni, bendeji ilinasa kwenye bawaba ikafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu aende zahanati, Bi. Msasa alikiona kidonda bila muuguzi kuwepo. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wa manjano, umelowa.

Seremala aliuona naye. Rangi ilimtoka usoni.

"Usaha huo," alisema. Aliingia ndani mbio. Alirudi na pamba na chupa. Ilikuwa spiriti nyingine, ya akiba, ambayo wifi hakuijua. "Mama, safisha haraka. Mtihani huo. Siku kumi na saba tu."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na kwa hofu. Bi. Msasa aliipokea chupa. Kifuniko alikifungua kwa meno kama alivyozoea. Harufu ya spiriti ilimfikia, na mkono wake wote ulitaka kuendelea. Mwezi mzima ulikuwa umefanya hivyo hivyo. Kitu kikiwa na uchafu, unaondoa. Ndiyo kazi yake, ndilo jina lake.

Alisimama na chupa ile mkononi.

"Shika taa ya simu yako hapa," alimwambia mumewe. "Mulika."

Alitafuta mstari wa kalamu. Ulikuwa umefifia lakini ulionekana. Wekundu haukuwa umeuvuka. Zaidi ya hapo, ulikuwa umerudi ndani, umeuacha mstari kwa upana wa punje ya mchele. Alinusa. Hapakuwa na harufu. Alijigusa kwapani. Palikuwa sawa. Alijipima maumivu, akaona ni kidogo kuliko ya juzi.

"Homa sina," alisema kwa sauti, kama anayehesabu mbao. "Michirizi hamna. Harufu hamna."

"Sasa huo umanjano ni nini?"

"Sijui. Na kwa kuwa sijui, siugusi." Alirudisha kifuniko cha chupa, akakikaza. "Kabati lisubiri. Nakwenda zahanati."

Alitembea, mkono ameufunika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Kwenye chumba cha vidonda palikuwa na watu sita mbele yake. Alisubiri zamu yake bila kulalamika, ingawa kila dakika ilimchoma.

Bwana Bendeji alikimwagia kidonda maji ya chumvi taratibu. Utando ukalegea, sehemu yake ikaondoka na maji yenyewe.

"Si kila cha manjano ni usaha," alisema. "Haya ni majimaji ya mwilini na takataka ambazo walaji wako wanaziondoa. Nyingine watazimalizia wenyewe. Ungekuja umekikwangua, tungerudi siku ya kwanza. Tazama chini yake."

Bi. Msasa aliinama. Chini ya utando, nyama ilikuwa nyekundu, inang'aa, na imejaa vijipele vidogo vidogo.

"Vimerudi," alisema.

"Vimerudi. Safari hii viache."

Aliondoka akiwa amenyoosha mgongo. Alipofika karakana alimkuta mumewe amekaa juu ya kabati, hajagusa kazi.

"Ulikuwa usaha?" aliuliza.

"Ni takataka za kazi. Wanafagia." Alimpa ile chupa ya akiba. "Mpelekee dada yako aifungie pamoja na mwenzake. Na wewe kama unayo ya tatu, itoe sasa hivi."

Seremala alikuna kichwa. Aliinama chini ya meza, akatoa ya tatu.

*

Wiki ya pili kiganja kilianza kuwasha. Kiliwasha akiwa anakula, kiliwasha akiwa anasali, kiliwasha akiwa anazungumza na wateja. Muuguzi alimwambia kuwasha ni kawaida kidonda kinapofunga, na asijikune. Basi Bi. Msasa alikunja ngumi ya kushoto, akasugua ubao. Kila alipowashwa, ubao ulipata shida. Kufikia mwisho wa wiki, mkono wa kushoto ulikuwa unazungusha donge la vanishi bila kuacha alama.

Kingo za kidonda zilianza kusogeleana. Siku ya kumi kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Siku ya kumi na tano, kama punje ya mtama. Siku ya kumi na tisa Bwana Bendeji alifungua bendeji, akakitazama, akavua miwani akaifuta, akakitazama tena.

"Kimefunga," alisema.

Bi. Msasa alikigeuza kiganja kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyofanya na ubao. Ngozi ilikuwa ya waridi, nyembamba, inang'aa. Alinyanyua kidole cha kushoto aiguse, akasita.

"Gusa," alisema muuguzi. "Sasa unaruhusiwa. Ila usidanganyike. Hiyo ngozi ni changa. Nguvu yake haijafika hata nusu ya ile ya zamani. Ukiikandamiza kwa saa nane mfululizo, inapasuka."

"Mtihani ni wa saa nane kila siku. Siku mbili."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Bi. Msasa alifunga kiganja, akakifungua. "Hakitakandamizwa," alisema. "Kitaongoza tu. Atakayekandamiza ni mwenzake."

Siku ya mtihani watu ishirini na wanne walisimama mbele ya meza ishirini na nne. Wengi walikuwa vijana. Bi. Msasa alipewa namba kumi na saba na ubao wa mlango wenye mikwaruzo na doa la maji. Mkono wa kulia alikuwa ameuvika glavu laini. Mtahini, mwanamume mwenye mvi, alisimama mbele yake.

"Mama, mkono una nini?"

"Ulikatwa na patasi. Umepona juzi."

"Unaweza kuendelea? Kuna mwakani."

"Mwakani nina kazi nyingine," alisema Bi. Msasa, akaanza kupiga msasa.

Alisugua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu. Kijana wa meza ya pili alimtazama, akamnong'oneza mwenzake, wakacheka kidogo. Siku ya kwanza hakufungua hata chupa ya vanishi. Alisugua na kupangusa, akasugua na kupangusa. Vijana wawili wale walikuwa wameshapaka tabaka la tatu. Siku ya pili alikunja donge la kitambaa, akalilowesha, akaanza kuzungusha. Kushoto. Taratibu. Tabaka jembamba, subiri, jingine. Kila baada ya saa alivua glavu, akaitazama ngozi yake, akaivaa tena. Ngozi ilishika.

Jioni mtahini alipita meza moja moja. Alizima taa, akamulika tochi kwa ubavu juu ya kila ubao. Kwenye meza ya pili mwanga ulionyesha mawimbi na nyuzi zilizosimama. Kwenye meza ya kumi na saba mwanga uliteleza moja kwa moja hadi upande wa pili. Mtahini alipitisha kiganja.

"Nani alikufundisha?"

"Kazi," alisema Bi. Msasa. "Na mwezi huu, muuguzi mmoja."

Matokeo yalisomwa baada ya wiki mbili, uani kwa chuo. Waliofaulu walikuwa kumi na mmoja. Namba kumi na saba ilisomwa ya kwanza. Seremala, mtu asiye na maneno, alipiga mluzi uliowafanya watu wageuke. Wifi alilia, kisha akasema ni vumbi la maranda, ingawa pale hapakuwa na randa hata moja.

Bi. Msasa alisaini daftari la vyeti. Njiani walipita zahanati. Bwana Bendeji alikisoma cheti chote, mpaka mhuri, ndipo akasema, "Lete mkono."

Aliutazama. Kovu lilikuwa limeanza kupauka.

"Juu tumemaliza," alisema. "Ndani bado. Zile nyuzi zilisukwa kwa haraka, sasa zinapangwa upya, moja moja, zikae sawa na kukaza. Hiyo kazi inachukua miezi, wakati mwingine mwaka."

"Na mimi nifanye nini?"

"Vaa glavu. Usikigonge. Mengine waachie."

Kesho yake maombi ya kwanza ya shule yalifika karakana yakiwa na anwani yake mwenyewe, hayakupitia kwa mtu. Yalikuwa ya kung'arisha madawati arobaini, nayo yaliletwa pamoja na barua. Bi. Msasa aliyasoma mara mbili, akayabandika ukutani, akavaa glavu. Alianza na dawati la kwanza kwa mkono wa kushoto. Chini ya glavu, chini ya ngozi ya waridi, mafundi wengine walikuwa kazini pia, na hakuna aliyewasumbua.